Yai Alilokula Telesia

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Juni 1957 bado umeifunika Njombe. Telesia anamsogeza kuku anayeatamia, anachukua yai lenye alama ya mkaa, analificha kifuani ndani ya khanga na kuondoka mbio mbio.

"Kamwene, bwana mwandishi!" anamsalimia mwandishi huyu kwa Kibena. "Tutaongea tukitembea. Hili likipoa, hatuna kitu."

Telesia, mwenye miaka ishirini na sita, ni mtunza kuku wa shule moja ya misheni. Mayai mengi huenda jikoni. Machache huenda kwa Mwalimu Gideoni, anayefundisha elimu ya viumbe.

Yai hili limeatamiwa saa thelathini na sita. Telesia analipasua mwenyewe ndani ya maji ya uvuguvugu, maana mkono wa mwalimu hutetemeka. Juu ya kiini kuna kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Kioo cha kukuzia kinaonyesha mfereji ambao kingo zake mbili zimekutana na kufunga, na upande mmoja umevimba mafundo matatu. Huo ndio ubongo unaoanza.

"Kingo zisipokutana," anasema Telesia taratibu, "kichwa hakifungi."

Anajua. Miaka minne iliyopita, huko Mahongole, alijifungua mtoto wa kike asiye na utosi. Aliishi saa moja. Mama mkwe wake, Dorkasi, alisema Telesia alikula yai akiwa mjamzito, jambo ambalo ukoo wao unalikataza. Akarudishwa kwao.

"Na kweli nililila. Njaa ilinishika. Nikakubali kwamba nimemuua mwanangu."

Mwaka jana, bandani kwa kuku, alimuuliza mwalimu: kwa binadamu, kingo hufunga lini? Mwezi wa kwanza, akajibiwa, kabla hata mama hajajua vizuri kuwa ana mimba. Telesia akahesabu kwa vidole. Yai alilila mimba ikiwa ya miezi mitano.

"Nilikaa palepale bandani nikalia. Kwa nini kingo za mwanangu hazikufunga, mwalimu mwenyewe hajui. Lakini si yai."

Mwandishi huyu haoni aibu kusema kwamba naye machozi yalimlenga.

Nahumu, mume wa Telesia, hakuoa tena. Anamtaka arudi, mama yake ndiye hataki. Hata hivyo Dorkasi amekubali kuja Jumamosi asubuhi, kwa lori litokalo Makambako. Alhamisi jioni Telesia ataweka yai jingine chini ya kuku.

"Nitampa kioo atazame mwenyewe. Kisha nitakaanga mayai, tukae tule. Akikataa, nitakula mimi, mbele yake."