Alama ya Vema Iliyofika Baraza la Ardhi

Siku niliporipoti kazini Nyambureti, wilayani Serengeti, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki na ratiba kabla hata sijatua sanduku langu. Kidato cha pili walikuwa wanangoja mwalimu wa Kiswahili tangu muhula uanze. Niliingia na andalio la somo, ile karatasi ambayo mwalimu hupangia kipindi chake dakika kwa dakika, nikaandika ubaoni: dhamira, msuko, mhusika. Watoto wakanitazama kama ng'ombe wanavyomtazama mgeni zizini.

Nikafuta ubao. Nikauliza nani amewahi kusafiri. Msichana mmoja akasema yeye hajawahi, ila aliwahi kumsindikiza bibi yake kliniki kwa miguu, mto ukafurika, wakahifadhiwa na watu wasiowajua. Nikamwomba asimulie taratibu. Alipomaliza, darasa zima lilikuwa limeshaelewa msuko, yaani jinsi tukio moja linavyozaa jingine, na mimi nilikuwa nimeshapata namna yangu ya kufundisha.

Tangu hapo fasihi yote niliifundisha kwa safari. Iwe riwaya, tamthilia au shairi, tuliiuliza maswali yale yale: nani ameondoka, anatafuta nini, nini kimemzuia, amekutana na nani, na je, aliyefika ni yule yule aliyeondoka? Kidato cha kwanza walijibu kwa mdomo. Wa kidato cha sita niliwadai kurasa tatu zenye hoja na mifano. Nilipohamishiwa Tarime, mkuu wa taaluma aliniambia kwamba mtihani wa taifa hauulizi watu wametembea wapi. Nikamwambia asubiri matokeo. Aliyasubiri, na baada ya hapo akawa ananiletea wanafunzi wake dhaifu. Sijivuni. Basi, najivuna kidogo.

Kosa langu kubwa nililifanya hapo hapo Tarime, nikiwa na uzoefu wa kutosha kutolifanya. Kidato cha tatu walikuwa kwenye fasihi simulizi, ile inayopokewa kwa mdomo kutoka kwa wazee. Nikawaagiza kila mmoja aandike safari iliyouleta ukoo wake hapa, kama inavyosimuliwa nyumbani kwao. Kule Serengeti kazi hiyo nilishaitoa mara nyingi, na watoto waliifurahia. Sikufikiri kabisa kwamba hapa koo mbili zilikuwa zinagombea bonde moja la malisho, na kesi yao iko baraza la ardhi. Marwa, wa ukoo mmoja, akaandika kwamba babu zake walilikuta bonde lile tupu. Bhoke wa ukoo wa pili, mwanafunzi wangu bora, akaandika kwamba ni wa kwao ndio waliolikuta tupu. Mimi nilisahihisha msuko na lugha. Wote wawili nikawawekea alama kubwa ya vema kwa wino mwekundu, na chini yake nikaandika, "Vizuri sana."

Wiki iliyofuata madaftari yote mawili yalifikishwa barazani kama ushahidi. Kila upande ulidai kwamba serikali, kupitia mwalimu wake, imeshathibitisha. Mkuu wa shule, mama mpole asiyepaza sauti, aliniita ofisini akafunga mlango.

"Mwalimu," alisema, "kalamu yako imegawa ardhi. Tena imeigawa mara mbili."

Ningecheka, lakini babu yake Bhoke alikuwa ameshamzuia mjukuu wake nyumbani mpaka nifute vema ya Marwa. Mtihani wa kuvuka kidato ulikuwa umekaribia, na huku kwetu msichana akikaa tu nyumbani, posa haichelewi. Niliogopa, sifichi.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwao. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nikamweleza kwamba vema ile ilikuwa ya usimulizi, haikuwa ya mipaka, na kwamba siwezi kumfutia mtoto mwingine kazi aliyoifanya vizuri. Akanijibu kwamba mimi safari yenyewe sijaisikia, nimesikia ya mtoto. Akaanza kuisimulia mwenyewe, na msimulizi kama yule sijapata kumsikia tena. Alieleza njaa ya huko walikotoka, ndama waliobebwa mabegani, mvua iliyowanyeshea mpaka kila walichokuwa nacho kikalowa. Na walipoteremka bondeni wakitetemeka, mtu mmoja akawapa kaa la moto, wakaota, wakapikia watoto.

Bhoke alikuwa anapukuchua mahindi karibu na mlango. Aliuliza bila kuinua macho.

"Babu, huyo aliyewapa moto alikuwa anakaa wapi?"

Ualimu ulishanifundisha kwamba swali zuri likiulizwa, mwalimu hana haja ya kuongeza neno. Mzee alichorachora chini kwa fimbo yake kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Jumatatu aende shule, mwalimu. Lakini hiyo ya moto asiiandike."

Bhoke alirudi, akafanya mtihani, akavuka. Kesi ya bonde baraza liliimaliza bila madaftari yangu.

Sasa nimestaafu, naishi Nkende, na walimu vijana hupita kuniuliza mbinu. Nawaambia wafundishe kwa safari bila woga, kwa sababu hakuna mtoto asiyekuwa na njia aliyowahi kuipita. Ila kabla hawajawatuma watoto kwa wazee, waulize kwanza wazee wa hapo wanagombea nini. Na chini ya kila kazi waandike ni kitu gani hasa wanachokisifia. Zaidi ya hapo, miaka yangu darasani siijutii hata kidogo.

Bhoke alitii. Katika kurasa zote alizoniandikia mpaka anamaliza shule, lile kaa la moto halikutokea hata mara moja. Lakini mzee alimkataza mjukuu wake tu. Mimi hakunikataza.