Jirani Aliyekuja Kuomba Moto

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo nilimfukuza mtu mlangoni kwangu kwa zawadi. Sikumtukana wala sikumkunjia uso. Nilitabasamu kabisa. Lakini nilimfukuza, na mpaka nije kuelewa nilichofanya zilipita wiki nyingi na homa kali.

Nakueleza haya, mwalimu wetu mgeni, kwa sababu ya jambo la juzi. Nilikuja kukubishia hodi na bakuli la maharage, ukasimama mlangoni na simu yako mkononi, ukaniambia, "Bibi, usijisumbue, nina kila kitu." Adabu unayo, sikatai, huko Uganda wamekulea vizuri. Ila niliporudi nyumbani na bakuli langu nilicheka peke yangu, halafu nikakosa raha, kwa sababu maneno yale nayajua. Niliwahi kuyasema mimi.

Nilikuja hapa Nyakitonto, wilayani Kasulu, kutoka Kakamega, Kenya, nikiwa binti wa miaka ishirini na sita, na mkataba wa miaka miwili wa kufundisha hisabati katika shule ya kanisa. Siku hizo lami hatukuijua. Kutoka Kibondo hadi Kasulu nilikula vumbi mpaka nyusi zikawa nyekundu, na niliposhuka, mkuu wa shule akacheka, akaniambia karibu, umeshapakwa rangi ya kwetu. Nilijiona shujaa. Nilidhani kwa kuwa Kiswahili nakijua, basi nimefika nyumbani. Kumbe Kiswahili kilikuwa cha darasani. Nje ya geti watu walisemezana Kiha, lugha ya Waha wa hapa, wakataniana Kiha, wakaomboleza Kiha, nami nimesimama katikati yao kama nguzo ya simu.

Jirani yangu aliitwa Mama Bukuru, mwanamke wa makamo, mama wa mapacha waliokuwa wameshaoa na kuhamia kijiji cha Titye. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Tangu wiki yangu ya kwanza alikuwa akija kila asubuhi na kigae cha chungu kilichovunjika. Anachuchumaa kwenye mlango wa jiko langu, anapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimia, kisha anaanza, "Mwakeye, mwarimu." Nimelalaje? Nyumbani kwetu wamelalaje? Mama yangu je? Mama yangu yuko Kakamega, barua yake haijafika mwezi mzima, mimi nitajuaje alivyolala! Baada ya yote hayo ndipo aombe moto. Namwekea makaa mawili matatu kwenye kigae, anayafunika na majivu, anashukuru, anaondoka. Salamu zilikuwa ndefu kuliko shughuli yenyewe.

Mimi nilikuwa na vipindi vya kuandaa. Na niseme ukweli, nilimwonea huruma ya kijinga, nikidhani ni mama maskini asiyemudu hata kiberiti. Siku nilipokwenda Kasulu mjini nikamnunulia pakiti nzima. Asubuhi yake alipokuja nikamkabidhi, nikamwambia, "Mama, chukua hivi, usisumbuke tena kuja kila siku."

Alivipokea kwa mikono miwili. Akaitazama ile pakiti, akanitazama mimi.

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Nimesikia, mwarimu."

Akapiga makofi ya kushukuru, akaenda zake na kigae kitupu. Nikarudi kwenye chai yangu nikijiona nimetenda wema.

Hakuja tena. Kesho yake nilifurahia utulivu. Keshokutwa pia. Wiki ya pili nikaanza kutazama mlango. Na si yeye tu, wanawake wengine waliokuwa wakichungulia wakitoka kisimani nao wakakoma. Tukikutana njiani wananisalimia vizuri, wanapisha, wanapita. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba mwalimu wa Kenya hapendi kusumbuliwa, na kikaniheshimu. Heshima ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Nilikuwa mpweke, mwanangu. Sina namna ya kulipamba neno hilo. Nilisahihisha madaftari polepole ili yasiishe. Jioni nilikaa nyuma ya nyumba nikisikia watu wa kwa Mama Bukuru wakicheka upande wa pili wa minyaa, na kwa kuwa sikuelewa, niliamini wananicheka mimi. Nilijisemesha Kiluhya cha kwetu nikiosha vyombo, ili tu masikio yangu yasikisahau. Nyumbani niliandika barua kwamba naendelea vizuri, watu wa huku ni wakarimu. Halafu siku moja nikaandika barua nyingine, ya kuacha kazi, nikaikunja ndani ya kitabu cha hesabu. Nilipanga kumpa mkuu wa shule akirudi kutoka likizo fupi. Wanafunzi waliondoka, walimu wenzangu wakaenda makwao, nikabaki na nyumba na ile barua.

Likizo hiyo ndiyo malaria ilinikamata. Siku ya kwanza nilijikaza. Siku ya pili mvua ilinyesha kwa fujo, maji yakaingia dirishani pale nilipokuwa naweka kiberiti changu. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, natetemeka, mdomo mchungu, nataka walau uji, nikakikwangua kile kiberiti mpaka njiti zikakatika zote. Hakuna hata cheche. Nikaketi kando ya mafiga, nikalia. Ng'ambo ya ua nilimsikia Mama Bukuru akitwanga mihogo. Ni hatua chache tu, lakini niliona aibu. Ningekwendaje kuomba moto kwa mtu niliyemwambia asije kuniomba moto?

Nilijiambia kwamba nikirudi kitandani naweza nisiamke. Basi nikaokota kifuniko cha sufuria, maana kigae sikuwa nacho, nikazunguka ua nikishika minyaa kwa mkono mmoja.

Alinyanyua uso, mchi ukabaki juu. Nikajaribu kuchuchumaa kama yeye alivyokuwa akifanya kwangu, magoti yakakataa, nikaanguka nikakaa chini. Nikapiga makofi.

"Mwakeye, mama," nikasema. "Naomba moto."

Aliweka mchi chini, akaingia ndani, akatoka na ile pakiti niliyompa. Karatasi yake ilikuwa haijachanwa. Akaniwekea mapajani.

"Viberiti vyako hivi hapa, mwarimu. Sikuvigusa. Sasa niambie, unataka viberiti au unataka moto?"

"Moto," nikasema.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu wee!" Hapo ndipo alipiga magoti mbele yangu, akanishika shavu, akashtuka. "Unawaka! Unaumwa tangu lini? Na mimi niko hapa natwanga!"

Alinipakia kwenye baiskeli ya shemeji yake, shemeji akiikokota, yeye akitembea kando amenishika mgongo, mpaka zahanati. Siku nne nililala kwake, kwenye mkeka wake, akinilisha uji kwa kijiko na kunigombeza kwa Kiha. Nilimwelewa vizuri sana. Kugombezwa kwa upendo hakuhitaji mkalimani.

Nilipopata nguvu nikamwuliza kwa nini alikuwa akiniomba moto, maana jikoni kwake niliona makaa hayazimiki tangu asubuhi hadi jioni.

"Moto nilikuwa nao siku zote," akasema, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Mgeni haombi. Anaona haya. Hata akifa njaa atasema yuko sawa. Ndiyo maana tunaanza sisi kumwomba yeye, kitu kidogo tu, ili naye siku yake ikifika aweze kutuomba. Na nikija namwangalia macho. Nikikuta moto unawaka najua amelala salama. Wewe ukasema nisisumbuke. Nikajua hututaki."

Nilikuwa nimemhesabu kuwa mwombaji, kumbe alikuwa ananifanyia ulinzi, tena kila siku, na salamu zile ndefu ndizo zilikuwa kazi yenyewe.

Barua ya kuacha kazi sikuipeleka. Sikuichoma pia. Ninayo hadi leo kwenye sanduku, na Kiingereza chake ni kizuri kweli. Mkataba wa miaka miwili ukawa maisha, kama unavyoniona. Mama Bukuru tumeshamzika. Asubuhi baada ya matanga nilichukua kigae kama kila siku, nikafika mpaka kwenye ua wa minyaa, ndipo nikakumbuka, nikasimama pale na kigae changu nikalia kama siku ile ya homa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Najua una jiko la gesi, na simu yako inakuletea sura ya mama yako akiwa jikoni huko Uganda. Sisi hatukuwa na hayo, na nafurahi unayo. Lakini mama huyo hawezi kukuwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Jana jioni nilipita nikakuona umekaa kizingitini, simu imezimika, unatazama barabara ya kwenda Kasulu. Mtazamo ule haunidanganyi. Usimwambie mtu wa hapa kwamba una kila kitu. Kuwa na upungufu kidogo, hata wa kujifanya. Omba chumvi, omba jembe, ulizia njia unayoijua. Na mtu akija kukuomba, usihesabu anachochukua wala muda anaokupotezea. Mwangalie macho, naye akuangalie.

Kesho asubuhi nitakuja na kigae changu. Washa mkaa, usiniletee habari za gesi, na ujiandae kuniambia mama yako amelalaje. Mungu akulinde katika nchi hii uliyokuja kufundisha, akupe afya na wanafunzi wasikivu, na akujalie majirani wasumbufu, wengi, wasiokupa nafasi ya kuumwa peke yako.