Ungo Uliorudi Umetoboka

Kwa nini mama yangu alimpa zamu ya kwanza mwanamke aliyeurudisha ungo wetu ukiwa umetoboka? Nina shahada ya uchumi, nimeshughulikia mikopo katika benki hapa Louisville kwa miaka mingi, na swali hilo bado linanishinda.

Sisi tuliokulia kambini Tanzania, watoto wa Warundi waliokimbia vita, tunajua ungo ulikuwa nini enzi zetu. Siku ya mgawo, kambi nzima ilinuka vumbi la magunia na moshi wa kuni mbichi, na kutoka kila ua ulisikia mahindi yakirushwa na kudakwa. Sisi wasichana tulicheza rede kwa mpira wa soksi hadi tukaitwa kula, kisha tukagombea ukoko wa ugali kana kwamba ni nyama. Shuleni tulikaa chini ya turubai lililotupika tangu saa nne asubuhi, tukikariri mito ya nchi ambazo hatukuwahi kuziona. Binti yangu hulalamika chumba chake kikipata joto kidogo. Namsikiliza kwa heshima, kisha namwonyesha dirisha; madirisha ya siku hizi hufunguka.

Benki haikuwapo kambini. Aliyekuwapo ni mama. Wanawake wa mtaa wetu walisuka mikeka, walilima vibarua katika mashamba ya wenyeji, waliuza sehemu ya mafuta ya mgawo, na kila mwezi walimletea mama mchango wao wa upatu. Mmoja wao aliondoka na fungu zima, mwezi uliofuata mwingine, hadi wote wakapata. Hakuna aliyeulizwa amefanyia nini. Mama alikuwa na kauli yake: “Zamu haielezwi.”

Nilichokielewa baadaye, nikiwa chuo kikuu, ni kwamba mama alikuwa na idara kamili ya kuchunguza wakopaji. Kabla ya kumwingiza mtu katika upatu alimwazima ungo, bila kumwambia kwamba anapimwa, halafu akangoja. Ungo uliorudi bila kufuatwa ulikuwa jambo jema. Uliorudi umepanguswa ulikuwa jambo jema zaidi. Ukirudi na kiganja cha maharage ndani, mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo na suala likaisha. Kulikuwa na jirani mmoja aliyekaa na ungo wetu mpaka tukaufuata wenyewe. Kila alipoomba kuingia kikundini mama alimjibu kwa upole, “Dada, wewe bado una ungo wetu,” ilhali ungo ulikuwa umetundikwa ukutani, nyuma ya kichwa cha mama.

Ndipo alipofika Mama Skola. Aliletwa na kundi la wageni wakati wa masika, ana watoto na hana hata sufuria. Akaazima ungo. Ulikawia kurudi, na uliporudi ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Angeweza kumtuma mtoto aulete jioni na kukimbia, kama tulivyozoea. Yeye aliubeba kichwani mchana kweupe, akapita bombani walipopanga foleni wanawake wote, akausimamisha mbele ya mama.

“Nimeutoboa mimi,” alisema. “Sina wa kumsingizia.”

Mama aliutazama ungo, akaingiza mkono katika lile tundu, akautundika mahali pake. Mwezi huo mzunguko mpya wa upatu ulikuwa unaanza na zamu ya kwanza ilikuwa ya mama mwenyewe. Fungu hilo lilikuwa la kununulia sare yangu na viatu vyangu vya sekondari. Akampa Mama Skola, aliyenunua unga na karai na kuanza kukaanga mandazi. Mimi niliingia kidato cha kwanza na yeboyebo za plastiki zilizoungwa kwa waya. Nililia, na mama akasema, “Viatu havisomi.”

Mama Skola alilipa kila mwezi, tena mapema. Hilo halijibu swali langu. Siku ile mama hakujua kwamba angelipa. Alichokiona ni ungo uliotoboka.

Nilipoanza kazi benki, aliyenifundisha alikuwa Mama Loretta, mwanamke mweusi mzaliwa wa Louisville ambaye sasa amestaafu. Siku moja nilimsimulia habari za ungo, akacheka hadi akavua miwani. Bibi yake, alisema, alikuwa akikusanya senti za wafua nguo na watumishi wa majumbani kanisani kwao, zama ambazo benki za mjini hazikuwa na haja na watu weusi, sembuse wanawake. Naye hakumtazama mtu usoni; alitazama jinsi sahani zake zilivyorudi baada ya kumpelekea mtu chakula. “Sahani tupu ilimwambia mengi,” alisema Mama Loretta. Kutoka katika vikundi vya namna hiyo, katika miji mingine ya nchi hii, wanawake weusi walifikia kuanzisha benki zao wenyewe. Tangu siku hiyo sijaingia ofisini kama mgeni aliyepewa kiti kwa hisani. Naingia kama mtu aliyerithi kazi ya ukoo.

Upatu wa mama nao ulivuka bahari. Baadhi yetu tuko South End hapa Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo, na tunakutana kwa simu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama amenikabidhi uongozi kwa sababu masikio yake yamechoka, na magoti pia. Ghorofani kwetu anapanda kwa kupumzika kila baada ya ngazi chache. Mwezi huu tunaanza mzunguko mpya, na zamu ya kwanza iliniangukia mimi. Ilikuwa iwe malipo ya kwanza ya nyumba isiyo na ngazi.

Kisha, katika kikao cha simu, akazungumza Furaha, Mkongomani aliyejiunga juzijuzi kutoka North Buffalo. Anafanya kazi ghalani, zamu yake ya kazi inaisha mabasi yakiwa yamelala, na jirani aliyekuwa akimpa lifti amehama.

“Niko naomba zamu ya kwanza, ba mama,” alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo chenye Kifaransa ndani. “Bila gari, kazi inaniponyoka. Donc, muniambie tu. Na mujue, kikundi ya kwanza nilishindwa kumaliza. Niliugua. Ni mimi, si mutu mwingine.”

Akajibu Mama Jeni wa Clintonville, kule Columbus. “Mgeni hupewa kiti, hapewi sanduku. Mwanangu, umetuambia mwenyewe kwamba hukumaliza, halafu unataka uanze?”

“Bon, nisiposema mimi, mutasikia kwa wengine.”

“Kweli tungesikia,” akasema Mama Jeni, lakini sauti ilikuwa imelegea. “Haya, zamu ni ya mwenyekiti. Aamue yeye.”

Nilimweleza binti yangu wakati tunaosha vyombo. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba siku hizi kila mtu ana alama zake za mkopo, zinazoonyesha alivyolipa madeni yake, niangalie alama tu. Kizazi hiki kinajua alama zake kuliko majina ya majirani, na chumvi ikiisha kinaiagiza dukani kwa simu. Kwa alama, Furaha hapati hata baiskeli.

Nikamwendea mama, aliyekuwa akichambua maharage, nikamuuliza kwa mara nyingine kuhusu Mama Skola.

“Ungo ulikuwa wangu,” alisema. “Wewe tafuta wako.”

“Na nyumba, mama?”

“Ngazi zimenizoea.”

Enzi zile mtu alipita bombani na aibu yake kichwani, wote tukaiona, na maisha yakaendelea. Leo aibu hufichwa ndani ya mashine, nami ni miongoni mwa wanaolipwa kuifukua. Sijui ni lini tuliacha kuazimana.

Asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, nilikaa kwenye ngazi ya juu nikafungua programu ya kutuma pesa kwenye simu, nikaandika jina la Furaha na fungu lote la zamu. Simu ikanizuia kidogo, kama inavyowazuia wote, ikauliza iwapo mtu huyu namfahamu na namwamini.

Nikabonyeza ndiyo, nikashuka.