Kofi la Nyanya

Leo, mtoto mgongoni, nimepita kando ya magunia ya pareto, na harufu yake ikanirudisha kwenye lile shamba la mzungu. Nyanya yangu alikuwa akichuma maua ya pareto, vidole vimekakamaa kwa uzee. Nyapara akakimwaga kikapu chake.

"Siku hizi huchumi kitu. Toka shambani, wewe na wajukuu wako!"

Nyanya, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akamzaba kofi.

"Mimi ndiye niliyemzalisha mama yako! Ulizaliwa ukitanguliza miguu, mjinga wewe, nikahangaika nawe kutwa nzima!"

Wachumaji wakacheka. Nikadhani tumepona.

Nyapara, yule mshenzi, akaokota maua yote, akamrudishia kikapu. "Pole, Nyanya," akasema. Kisha akamshika mkono taratibu, asijikwae, akampandisha kwenye lori la waliofukuzwa shambani.