Ng'ombe Walioilamba Sura ya Mzee Tluway

Niseme tu ukweli, nikipita Tlawi mpaka leo navuta kofia mpaka puani, maana watoto wa pale wananiita Fundi Chumvi, na kosa lilikuwa langu peke yangu.

Kijiji kiliamua kuwa na njia ya michoro ya mila zetu, kutoka sokoni mpaka kwenye chemchemi, kila ukuta na mchoro wake, na mimi mchora mabango (ya saluni, tusidanganyane) nikapewa ukuta wa Bibi Veronika, nimchore marehemu mumewe, Mzee Tluway, fundi wa mwisho wa zile nyumba za zamani za kuchimbia ardhini. Picha yake haipo hata moja, kwa hiyo bibi alikaa kwenye kigoda akinielekeza, "Hapana, macho yalikuwa yanacheka," mpaka siku ya nne akaacha kunisahihisha, akajifuta machozi, nikajua nimempata.

Zilibaki mvi na ndevu tu, rangi nyeupe ikaisha. Duka liko Mbulu mjini, nikaona uvivu, nikakoroga udongo mweupe ambao jirani wa bibi aliuleta kutoka Yaeda Chini, nikampaka mzee mpaka mashavuni, nikajisifu kwamba hiyo ndiyo asili yenyewe. (Jirani aliuleta wa nini? Mtoto wa wafugaji mimi, sikuuliza!)

Kesho yake ndiyo uzinduzi, mgeni rasmi anashika shuka lililofunika ukuta, na ng'ombe wa jirani hao wanashuka kunywa maji, wa kwanza akanusa, akaingiza kichwa chini ya shuka akaanza kulamba, kumbe ule udongo ndiyo chumvi yao, nikamvuta mkia, wakaja wengine saba, shuka likadondoka, nimebanwa katikati napiga kelele "Shii! Shii!" huku mgeni rasmi akipiga makofi, akidhani ni igizo.

Rangi za chini zilikuwa bado mbichi, zikaenda nazo. Ukutani yakabaki mabega.

Watu walicheka, hata mimi nilikaribia kucheka, kisha nikamwona bibi, nikamwendea.

"Shikamoo bibi. Nisamehe, nitamchora upya."

"Marahaba. Basi uje kesho kweli, mjukuu wangu, maana nilishaanza kumsahau, ndiyo sababu nilikubali achorwe."

Nilienda na rangi ya dukani, safari hii tukakaa siku kumi na moja. Mwishoni bibi alimtazama sana, akasema, "Anafanana naye," akaingia ndani kunimiminia chai.

Kufanana tu, si yule aliyemtoa machozi mara ya kwanza. Tangu siku hiyo sipaki kitu ukutani kabla ya kuuliza kililetwa cha nini.