Ukuta Mbichi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, Wabelgiji wangali wanatutawala, niliuogopa ukuta wa nyumba yetu kuliko mamba wa Lualaba. Tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini, katika nyumba ya miti na udongo. Kila kiangazi mama aliikandika upya kwa udongo mweupe, na sisi watoto tuliruhusiwa kuichora kwa makaa: baiskeli, gari-moshi, mzungu na kofia yake. Lakini nyanya yangu, tuliyemwita Tate, alikuwa na sharti lake.

"Mungoje ukuta ikauke," alisema. "Ukuta mubichi inakunywa. Ukichora kesho yako pale, mutu hayuko mule, hatafika kesho ile."

Mimi nilikuwa mkaidi. Hilo naliungama mapema. Siku mama alipomaliza kukandika, mwalimu wa misheni alikuwa ametuambia kila mmoja afikiri ataishi vipi akiwa mkubwa. Nikarudi na kesho yangu kichwani, sikuweza kungoja. Ukuta ulikuwa bado unatoa maji. Nikachora nyumba ya matofali yenye bati, baba na viatu, mama na mwavuli, dada yangu Feza, na mimi katikati nimeshika kitabu.

Feza akaja akasimama nyuma yangu. "Eh, madamu wa matofali! Na Yuma iko wapi?"

Yuma alikuwa ndugu yetu mchanga, wa miezi minane. Tangu azaliwe, mgongo wa mama haukuwa wangu tena.

"Iko nalala ndani," nikajibu.

Uongo. Nilimwacha kwa kusudi. Katika kesho yangu sikumtaka.

Siku ya tatu Yuma akashikwa na homa. Akakataa ziwa la mama, macho yakapinduka. Feza akanitazama, kisha akautazama ukuta. Nikachukua kaa nimwongeze, lakini ukuta ulikuwa umekauka. Kaa lilikwaruza tu, na nafasi iliyobaki ilikuwa nje ya mlango. Nikamwona akilini pale, mdogo, peke yake, wenzake wote wako ndani. Nikalitupa kaa. Nikaanza Salamu Maria, nikapotea katikati ya maneno niliyoyajua tangu kunyonya.

Nikamkimbilia Tate, nikamwambia yote, hata lile la kutomtaka. Nilingoja kofi.

"Weye mutoto, una roho mubaya," alisema polepole. "Leta maji."

Akaulowesha ukuta katikati ya nyumba yangu, akapaka udongo mpya kwa kiganja. Kisha akamchukua Yuma mikononi mwa mama, akakandamiza unyayo wake pale, kati ya mama na mimi. Unyayo ulikuwa moto kama chungu. Baba hakungoja ukuta wa mtu: alimvusha kwa mtumbwi mpaka hospitali ya mjini, mama akilia nyuma yake, na mtoto akachomwa sindano.

Tukabaki mimi na Tate mbele ya picha. Ndipo nikahesabu vichwa.

"Tate! Weye pia hauko mule!"

Yeye sikumchukia hata kidogo. Nilimsahau tu. Nikarukia maji, akanishika mkono.

"Acha. Ile njo nyumba yenu. Mimi na bati, tutasikilizana wapi?" Akacheka. Lakini mkono wangu hakuuachia upesi.

Yuma alipona. Tate hakufika kiangazi kingine.

Mimi ni Mkristo. Najua kesho ni ya Mungu, si ya ukuta. Padri aliniambia hivyo nilipoungama, akanipa sala tatu. Na Tate alikuwa mzee, kifua kilimsumbua siku nyingi. Yote hayo nayajua. Ila sala zile zilikuwa za chuki yangu kwa Yuma. Kule kumsahau Tate sikukuungama, kwa kuwa sikujua kunaitwa dhambi gani.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha daftari lake. Amechora nyumba ya ghorofa, watu tele mlangoni wanacheka. Macho yangu yakahesabu kabla sijayazuia. Mimi sikuwamo. Hofu ile ya zamani ikanipanda. Kalamu alikuwa nayo bado. Ningesema neno moja tu, angeniongeza.

"Ni nyumba nzuri, mwanangu," nikamwambia, nikamshika mkono, sikuuachia upesi.