Deizi za Rosalia

Watu wa Kisauni wananijua kwa ulimi wangu, wala sikatai. Rosalia alipokuja kutoka Nyamira kupanga chumba uani kwangu, nilimuuliza lile gunia la udongo alilolikumbatia lina nini. Akaniambia ni maua, deizi. Nikacheka. Mtu avuke nchi nzima na majani, na hapa asmini zangu zimejaa uani kote?

Baadaye alinieleza asili yake. Lile shina alilichimbua juu ya kaburi la mamake. Kaka zake waliuza shamba, kaburi na yote, na aliyenunua akalima mahindi juu yake.

"Mama sasa ni hili, Bi Kuluthum," alisema. "Likifa, sina pengine pa kwenda kumlilia."

Basi akalilea. Alilipanda katika ndoo kuukuu ya rangi, akaitoboa chini, akaiweka mahali panapopata jua la asubuhi tu. Ua likinyauka alilikata, shina lisichoke bure. Kila jioni, akitoka kufua mashuka ya hoteli kule Shanzu, alilinywesha kikombe kimoja cha maji matamu, yasiyo na chumvi, yale anayoletewa na mwenye mkokoteni. Nilikuwa nikimkejeli: hizo deizi zimekuwa nani hata zinywe maji ya wageni? Likachanua maua matano, meupe, yenye kiini cha manjano. Siku hiyo Rosalia aliimba. Nilifurahi, ila sikumwonyesha.

Disemba hoteli ilijaa, wafanyakazi wakatakiwa kulala huko huko siku kumi. Aliniachia mtungi wa maji matamu akaniomba, kikombe kimoja kila jioni. Nikamwambia inshallah.

Wallahi sikukusudia ubaya. Sisi tumelelewa kwamba maji matamu ni ya kinywa, hayamwagwi mchangani. Asmini zangu miaka arobaini zanywa maji ya kisima, na chumvi yake, na zanukia mpaka barabarani. Nikaona nimwekee mwanangu Rosalia mtungi wake, aje aukute umejaa. Deizi nikazipa ya kisima, tena asubuhi na jioni, kwa mapenzi. Siku ya nne ncha za majani zikaungua. Nikadhani ni kiu, nikazidisha.

Aliporudi alichutama mbele ya ndoo, akalivuta shina taratibu. Likatoka lote mkononi, mizizi myeusi. Akasema ni joto la huku, na kosa ni lake, angemwacha mamake alipolazwa. Mimi huyu mwenye ulimi, nikashika ufagio nikaanza kufagia uani.

Alilirudisha shina kwenye udongo. Kisha akauona mtungi umejaa, akadhani nimemnunulia mwingine, akanishukuru.

Huu ni mwezi wa tatu tangu arudi. Kila jioni hulimiminia lile shina kavu kikombe kimoja cha maji matamu, nami niko hapa barazani namtazama. Sijamwambia.